Moyo wa Mchumba ni Mali ya Umma

Mamlaka ya Uchumba wa Hadharani ina furaha kuutangazia umma kwamba msimu wa sita wa kipindi cha Moyo Wazi unafana kupita matarajio, na kwamba lengo la kuongeza mapenzi nchini limefikiwa, ingawa si kwa watu waliokusudiwa.

Ili raia wasipotoshwe na maneno ya vijiweni, ni vema mambo yakaelezwa kuanzia kwa mhusika mwenyewe, yaani Mchumba wa Taifa. Kabla ya kupata wadhifa huo alikuwa akiuza viatu dukani, tena aliuza sana, kwa sababu ana uso wa mtu anayekusikiliza hata kama anawaza chakula cha mchana. Shangazi yake aliona uso ule unapotea bure kwenye miguu ya watu, akamwandikisha kwenye usaili bila kumwuliza. Kufikia msimu wa tano alikuwa ameshachumbiwa na rubani, mfuga nyuki, mwalimu wa kuogelea na mapacha wawili, kila mmoja kwa msimu wake, wote kwa pete ile ile. Pete ilikuwa mali ya Mamlaka. Ilimpwaya, kwa hiyo mtunza stoo aliizungushia selotepu kwa ndani. Msimu ukiisha, uchumba ulivunjwa kwa kufuata utaratibu na pete ikarudishwa stoo.

Machozi ya kuachana yalitokana na dawa ya mafua ya kupaka, iliyopakwa chini ya macho. Upande huo Mchumba alikuwa dhaifu. Akipaka kidogo hakulia, akipaka nyingi alipiga chafya.

Matatizo yalianza alipopenda, jambo ambalo halikuwa kwenye bajeti. Alimpenda fundi sauti, kijana mrefu mkimya anayeshika ule mti wenye maikrofoni nchani na kumfuata nao yeyote anayesema. Kwa misimu mitano fundi alikuwa amemsikia akiwaambia wanaume watano kwamba anawapenda, na hakuamini hata mara moja. Siku moja, kamera zikiwa zimezimwa, akaambiwa yeye. Fundi alivua vile vidude vya masikioni, akamwomba arudie. Mchumba akarudia, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuona uchovu.

Wakaamua kuoana. Mchumba akavaa gauni la heshima, akaenda kwa Mkurugenzi Mkuu.

Mkurugenzi Mkuu ni mama wa makamo, mke wa Naibu Waziri anayeisimamia Mamlaka hiyo hiyo, hali inayorahisisha sana mawasiliano. Kipaji chake ni kusahihisha. Husahihisha maua mezani, husahihisha namna mhudumu anavyokoroga chai, na inasemekana nyumbani mume huingia mlangoni mara mbili mpaka aingie vizuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiyo imetoka puani. Rudia."

Mchumba akarudia, kisha akasema, "Mama, nimekuja kuaga. Nataka kuolewa."

"Si unachumbiwa kila mwaka?"

"Nachumbiwa, Mama. Sasa nataka kuolewa kweli. Na fundi sauti."

Mkurugenzi Mkuu alimtazama kana kwamba ameambiwa gari la ofisi limeonekana likibeba magodoro ya mtu.

"Mwanangu, moyo wako ni mali ya umma. Ukitaka kuutumia kwa shughuli binafsi, unaomba kibali."

"Kibali kinatolewa na nani?"

"Na Mkurugenzi Mkuu."

"Si ndiyo wewe, Mama?"

"Ndiyo mimi. Na mimi sitoi."

"Lakini Mama, kule studioni mimi sijamchagua mtu kweli. Nikisema 'nakuchagua wewe' unanirudisha mara saba. Ya ngapi ndiyo ya kweli?"

Lilikuwa swali zuri, na Mamlaka haipendi maswali mazuri. Siku chache baadaye likatoka Agizo. Kuanzia msimu wa sita kipindi kingeenda hewani moja kwa moja, na mazoezi yote yalifutwa. Yeyote atakayetamka "nakuchagua wewe" taa nyekundu ikiwa inawaka, amechagua. Uhusiano wake wowote wa nje umekoma papo hapo, ataishi Jumbani, ile nyumba ya kipindi yenye kamera kila kona, na aliyemchagua msimu mzima, na yeye aliyetamka ndiye Mchumba wa Taifa, apende asipende. Naibu Waziri alilitia saini kitandani bila kulisoma, kama alivyotia saini kila kilichowekwa juu ya mto wake.

"Tukimbie," fundi alisema.

"Tukimbilie wapi? Uso wangu uko kwenye pakiti za sabuni."

Wote wawili walijua kwamba akishasema maneno yale jioni ya uzinduzi, yeye na fundi basi tena.

Jioni ikafika. Studio ilinuka rangi mbichi. Mbele walikaa wageni waalikwa, Naibu Waziri katikati, mkewe pembeni yake akihesabu makosa. Jukwaani walisimama wanaume watatu, na aliyepangwa kushinda alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo, mwenye shingo pana kuliko kichwa. Sakafuni kulibandikwa alama ya msalaba ambapo Mchumba husimama. Taa nyekundu ikawaka.

Watu wa studio hawakohoi bila kuitazama taa ile. Mkurugenzi Mkuu peke yake hakuwahi kuitazama, kwa kuwa miaka yote taa ndiyo iliyomsubiri yeye.

Mchumba alisimama kwenye alama. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na hofu tu. "Naku..." akaanza, sauti ikamkatikia. Hapo akamwona Mkurugenzi Mkuu akikunja uso na kusogea ukingoni mwa kiti. Uso ule Mchumba aliujua vizuri kuliko uso wa shangazi yake. Akalegeza mabega. Akatazama viatu vya mkufunzi.

"Naku... naku..." akasema, kama anayemwuliza mteja anavaa namba ngapi.

"Hapana, hapana, hapana." Mkurugenzi Mkuu alikuwa ameshapanda jukwaani. "Mbona unaongea kama umekuja kuomba radhi? Hebu nipishe."

Akamwondoa kwenye alama, akasimama yeye. Fundi sauti, ambaye kazi yake ni kumfuata anayesema, akausogeza mti wake taratibu.

"Unamshika mkono hivi. Unamtazama machoni. Unavuta pumzi, halafu unasema kama mtu mwenye damu mwilini: nakuchagua wewe."

Haki itendeke: hakuna aliyewahi kuisema vizuri vile.

"Asante, Mama," mkufunzi akasema, sauti ikimtetemeka.

"Chaguo limekubaliwa," akasema mtangazaji, aliyekuwa ameshaonywa mara mbili kwa kuchelewa. Karatasi za rangi zikamwagika kutoka darini.

"Kateni hapo," Mkurugenzi Mkuu akaamuru. "Sasa aseme yeye."

Hakuna aliyekata.

"Mazoezi yalifutwa, Mama," Mchumba alisema kwa adabu.

Macho yote yakamgeukia Naibu Waziri. Akasimama polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Agizo ni agizo," alisema. "Serikali haiwezi kuvunja agizo lake mbele ya wananchi. Nampongeza mke... nampongeza Mchumba wa Taifa. Mimi nitajikaza."

Akaanza kupiga makofi peke yake, na wengine walipoacha yeye aliendelea. Kisha hapo hapo akamteua mtangazaji kuwa Kaimu Mkurugenzi. Mtunza stoo alibandua selotepu, na pete ikamkaa mama sawasawa.

Mchumba wa zamani aliolewa wiki ile ile, bila kamera. Sasa hutazama Moyo Wazi kwa shangazi yake, amekaa na mumewe kwenye kochi moja. Juzi Mkurugenzi Mkuu alionekana kwenye kile chumba kidogo ambamo washiriki hueleza yaliyo moyoni. Alivaa raba, kwa maana mkufunzi humwamsha alfajiri kuruka kamba.

"Nataka kutoka," alisema.

Sauti ya Kaimu ikajibu kwenye spika. "Mama, moyo wako ni mali ya umma. Omba kibali."

"Kwa nani?"

"Kwa Mkurugenzi Mkuu."

"Mkurugenzi Mkuu ni mimi."

"Mkurugenzi Mkuu yuko Jumbani, Mama. Hapokei maombi."

Machozi yakaanza kumtiririka, na hakuna aliyekuwa amempaka kitu. Shangazi aliongeza sauti ya televisheni.

"Huyu analia," alisema. "Wewe ulikuwa unatupigia chafya tu."