Kitufe cha Piii

Jumatatu, 2 Machi
Nimekwisha! Jana jioni mchekeshaji wetu kalitamka lile neno. Lile wanaloitwa watu wa rangi ya mke wangu wanapotukanwa. Hewani, nchi nzima inatazama! Kazi yangu kituoni ni moja tu. Matangazo huchelewa sekunde chache kabla ya kufika majumbani, nami nakaa chumbani peke yangu na kitufe chekundu. Likija tusi, nabonyeza. Piii! Halisikiki. Jana sikubonyeza. Mikono yote miwili ilikuwa tumboni. Nilikuwa nacheka.
Bahati nzuri hakuna aliyeniona. Leo nimewahi kazini kuliko wote, nikakimwagia kitufe chai yenye sukari ya kutosha. Nitasema kilikwama. Kichwa ninacho.

Jumanne, 3 Machi
Getini watu na mabango. Nimepitia mlango wa nyuma. Magazeti yameshajua kwamba kuna kitufe, na kuna mtu wa kitufe.
Kisha simu. Mama mkwe! Yuko getini, mstari wa mbele. Akasema kwa kuwa mimi ni mkubwa huko ndani (siku ya posa nilijikweza kidogo), nimtafutie huyo mtu. Akasema mjukuu wake ameitwa hilo neno leo shuleni. Mjukuu wake ni binti yangu. Nikaapa nitamsaka huyo mtu hadi nimtie mkononi.
Mchana fundi mitambo, mpekuzi yule, akakifungua kitufe. Akanusa. Akauliza nani anakunywa chai tamu namna hii. Nikasema si mimi, mimi nina kisukari. Sina. Sasa jikoni wamekatazwa kunipa hata keki.

Alhamisi, 5 Machi
Mkurugenzi ameomba radhi hewani. Wazee wa jamii iliyotukanwa walialikwa studioni, mama mkwe katikati yao. Mchekeshaji kakalishwa pembeni, kimya. Nikaonywa kwamba likipita neno moja baya, kazi sina.
Jasho lilinitoka hadi vidoleni. Mchekeshaji akafungua mdomo. Nikabonyeza kwa nguvu zote! Kumbe anapiga mwayo. Na kitufe kikanasa! Fundi alikifuta juujuu tu, sukari ilibaki ndani. Nakibandua kwa kucha, kinaachia, kinanasa tena.
Mkurugenzi alisema nyinyi ni ndugu zetu, mama zenu ni mama zetu. Nchi ikasikia: nyinyi ni piii, mama zenu ni piii.
Studioni watu walikuwa wanafuta machozi ya faraja. Mama mkwe alimkumbatia mkurugenzi. Huko nje mawe yakaanza kugonga geti.

Ijumaa, 6 Machi
Chumba changu kina kamera! Juu ya mlango, miaka yote hii! Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe. Wazee wakaitwa tena, mama mkwe kati yao, wakaoneshwa picha za Jumapili: mimi nimejikunja, mikono tumboni, machozi yananitiririka. Kisha za Jumatatu: mimi na kikombe.
Nilingoja mama mkwe anitukane. Hakunitukana. Aliniuliza taratibu, mwanangu, hilo neno lilikuchekesha nini? Nikatafuta jibu. Sikulipata.
Nimesimamishwa kazi. Mke wangu amehamia chumba cha mtoto, na begi lake liko wazi kitandani. Naogopa kulitazama. Mama mkwe anakuja kesho kutwa. Amesema ataniuliza tena, mbele ya mke wangu, na nisipojibu anaondoka na mwanawe.

Jumamosi, 7 Machi
Nimepata! Kamera ile haina sauti! Nani anajua kama nilicheka? Machozi ni machozi. Nitasema nililia kwa uchungu wa wakwe zangu hadi mikono ikakosa nguvu. Na chai je? Iliniponyoka kwa huzuni hiyohiyo. Huenda hata wakaniomba msamaha!
Nimejifungia bafuni nijizoeze kulia mbele ya kioo. Nikabinya macho. Wapi! Nikamkumbuka mchekeshaji Jumapili ile, alivyokunja sura na kulivuta lile neno. Machozi yakaja yenyewe. Nikainama juu ya sinki, mbavu zinauma.
Binti yangu akagonga mlango. Akauliza ninacheka nini, ili na yeye acheke.
Nikamwambia nalia.