Fukizo la Bwana Uhakika

Bwana Uhakika alipomwona yule mama akitoka kwenye lango la zahanati huku akisonya, alijua siku yake imeiva.

Anayetoka zahanati akilia hana faida kwa tapeli. Huyo anataka dawa, na dawa tapeli hana. Anayetoka akicheka naye ameshapona. Lakini anayetoka amenuna kwa sababu dawa aliyopewa ni rahisi mno, huyo ni wa kukimbiliwa kwa miguu yote miwili.

Mama mwenyewe alikuwa na biashara ya kukodisha viti na maturubai, na mtaa mzima ulimwita Bibi Viti. Alikuwa mtu mzima mwenye mwili wake, na mkoba ameubana kwapani kama kuku aliyezoea kutoroka.

"Maji ya chumvi!" aliliambia lango. "Nimepanga foleni tangu asubuhi niambiwe mjukuu wangu atiwe maji ya chumvi puani! Eti apewe vitu vya uvuguvugu. Eti pampu yake ya pumu asiiache. Eti moshi usimkaribie. Na dawa je? Hakuna!"

"Shikamoo, Mama," sauti laini ikasema ubavuni mwake.

"Marahaba. Wewe nani?"

Bwana Uhakika alinyoosha koti lake jeupe. Aliitwa Uhakika kwa sababu neno hilo lilikuwa haliishi mdomoni mwake. "Mimi ndiye hospitali zikishindwa hunipigia simu. Uhakika."

"Hata hii?"

"Zote. Ila hunipigia kwa siri, wanaona haya. Mtoto ana nini?"

"Mafua. Na ana pumu tangu zamani. Akipata mafua tu, kifua kinaanza kulia."

Bwana Uhakika akafumba macho kama mtu aliyeguswa donda. Kisha akatoa mfukoni kipakiti kilichofungwa kwa uzi mwekundu. "Fukizo la mizizi kumi na mmoja, Mama. Mzizi wa mwisho huchimbwa na mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Hulipati popote. Uhakika."

"Bei yake?"

"Usiniulize bei, Mama. Utapandisha presha bure."

Hapo hapo Bibi Viti akafungua mkoba. Dawa ambayo bei yake inapandisha presha, hiyo ndiyo dawa. Alitoa malipo ya awali, akachukua kipakiti, akamwelekeza nyumbani kwake.

Ndani ya kipakiti mlikuwa na maranda aliyoyaokota kwa seremala, vidonge vya kufukuzia mende kabatini vilivyopondwapondwa, na peremende mbili za kutia harufu. Tusiseme alimtakia mtoto mabaya. Hakumfikiria mtoto hata kidogo.

Alasiri alifika. Barazani alimkuta mwanamke mwembamba anashona sare za shule. Alikuwa mkwe wa Bibi Viti, mama wa mtoto. Cherehani alikuwa ameihamishia nje ili vumbi la vitambaa lisimfikie mtoto.

"Karibu, daktari," akasema bila kusimamisha mguu. "Ulikuwa bucha ya wapi?"

"Samahani, dada?"

"Koti lako. Hapo mfukoni palidariziwa maneno, ukayafumua. Umefumua vibaya. Matundu ya sindano nayasoma mpaka huku. 'Nyama safi kila siku.'"

Bwana Uhakika akaufunika mfuko kwa kiganja. "Dada yangu, tuongee kama watu wazima."

"Ndiyo tunaongea." Cherehani ikanyamaza. "Nikikufukuza leo, kesho atamleta mwingine. Mama mkwe wangu ana moyo mzuri, lakini cha bure hakimwingii kichwani. Nesi amemweleza kila kitu na kumwandikia kwenye karatasi, lakini yeye maneno ameyaacha pale pale getini. Wewe umempiga hela, kwa hiyo anakuamini. Sasa utaingia humo ndani uyaseme ya nesi, yote, kwa ulimi wako huo huo wa kitapeli."

"Na nikikataa?"

"Mwenye viti ana vijana wa kubeba viti. Wako uani wanakula. Wakimaliza nitawaita."

Bwana Uhakika alisikiliza maelekezo kwa makini ambayo mwalimu wake yeyote angeyalilia kwa furaha.

Sebuleni mtoto alikuwa ameketi kwenye kochi. Alikuwa msichana wa miaka mitano aliyeitwa Kiroboto, maana siku za uzima hakukaa mahali pamoja. Siku hiyo alikaa. Pua ilikuwa imeziba, mdomo wazi, na kila akipumua kifua kilipiga filimbi nyembamba. Bibi Viti alikuwa akipuliza jiko la mkaa katikati ya chumba.

"Jiko la nini hilo?" Bwana Uhakika alifoka.

"La fukizo lako, daktari."

"Toa nje! Nani kakwambia tunaanza na fukizo? Fukizo ni hatua ya tatu. Ukiirukia kabla ya mbili za mwanzo, dawa inasusa!"

Bibi Viti akalibeba jiko mwenyewe mpaka uani, mbio. Majirani ishirini walikuwa wamemwomba hivyo mwezi mzima, hakumsikia hata mmoja.

"Na ule ubani unaofuka kwenye kona?"

"Nao?"

"Unagombana na dawa yangu. Na nani anavuta sigara humu?"

"Kaka yangu."

"Akavutie kwa maadui zake. Hatua ya kwanza!" Akainua juu kichupa kidogo cha matone ambacho nesi alikuwa amekitoa asubuhi, na mkwe akakibandua lebo na kumkabidhi barazani. "Maji ya bahari ya mbali, Mama. Huko samaki hawajui mafua ni nini."

Akamtia Kiroboto tone moja tundu hili, moja tundu lile. Kiroboto akapiga chafya iliyomwosha daktari uso mzima.

"Mmeona?" akasema Bwana Uhakika huku akijipangusa kwa mkono wa koti. "Ugonjwa unatoka. Mwingi umenihamia mimi."

Kiroboto akacheka kidogo, mama yake akampenga kamasi. Zikafuata amri nyingine: mtoto aegemezwe mito, anywe mchuzi wa uvuguvugu kidogo kidogo, asipakwe dawa ya kuchua yenye harufu kali, asinyweshwe sharubati za kikohozi za dukani. Kila amri Bwana Uhakika aliitia madoido. Mito ilielekezwa mawio ya jua. Mchuzi ulikorogwa kuelekea kulia. Bibi Viti aliitikia kila neno kwa kichwa, yeye ambaye asubuhi aliyaambiwa hayo hayo akasonya.

Mwisho akashika pampu ya mtoto na lile kopo la plastiki lenye barakoa inayofunika pua na mdomo, akapachika.

"Hujatikisa, mjomba," Kiroboto akasema kwa sauti ya kukwama.

"Eti?"

"Pampu inatikiswa kwanza."

Bibi Viti akamtupia daktari jicho.

"Nilikuwa nampima akili," Bwana Uhakika akasema, akaitikisa, akampa mtoto dozi yake. "Akili iko salama. Uhakika. Basi, Mama, tumalizane, nina wagonjwa wengine."

"Tumalizane nini? Mtoto hajapumua vizuri."

"Malipo yaliyobaki, Mama."

"Mwanangu, fundi wa turubai simlipi nguzo zikiwa zimelala. Kaa." Na vijana wawili wa viti, wamekwisha kula, wakaja kukaa mlangoni.

Akakaa. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya akaanza kumchekesha Kiroboto, akaigiza mbuzi aliyevaa miwani. Kiroboto akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Mabega yakaanza kupanda na kushuka. Ngozi katikati ya mbavu ikawa inazama kila alipovuta hewa. Mama yake akatupa sare iliyokuwa mkononi, akampakata wima, akatikisa ile pampu ya bluu, akambana barakoa usoni.

"Vuta, mama. Taratibu. Tena. Unanisikia?"

Kiroboto aliitikia kwa kichwa. Maneno yalikuwa hayatoki.

"Hatua ya tatu!" Bibi Viti akapiga ukelele. "Daktari, hatua ya tatu!" Akatoka mbio uani, akarudi na jiko makaa yamewiva, akalitua sakafuni na kuchomoa kipakiti cha uzi mwekundu kifuani.

Mkwe wake hakuweza kumzuia. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kichwa cha mtoto, wa pili kwenye pampu. Aliinua macho tu, akamtazama Bwana Uhakika.

Vijana wa viti walikuwa wamesimama kulipisha jiko. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na nje ya mlango kulikuwa na barabara, na barabara hiyo ilikwenda kila mahali ambapo Bwana Uhakika alitamani kuwa.

Akaruka, akaweka mguu kati ya Bibi Viti na jiko.

"Mama, usichome. Ni maranda."

"Ya mti gani?"

"Ya meza, Mama! Ya meza na makabati! Maranda ya seremala, dawa ya mende na peremende mbili. Mimi si daktari. Ni tapeli. Uhakika!"

Lilikuwa neno lake la siku zote, na siku hiyo kwa mara ya kwanza lilikuwa kweli.

Bibi Viti akamkazia macho. Kisha, polepole, likaja tabasamu la mtu aliyefanya biashara tangu ujana wake.

"Nimekushtukia," akasema.

"Afadhali, Mama."

"Umekumbuka limebaki fukizo hili tu. Umepata tajiri wa kumuuzia, sasa wanitia hofu nikurudishie bure."

"Mama, naapa..."

"Nani kaniambia silipati popote?"

"Mimi."

"Na ule mzizi unaochimbwa na kipofu?"

"Aliyefungwa kitambaa, Mama, lakini..."

"Basi ukilitaka linunue. La sivyo nalichoma." Akanyoosha kipakiti juu ya makaa.

Bwana Uhakika akatoa malipo ya awali, yote.

"Hiyo ni bei ya asubuhi," Bibi Viti akasema. "Tangu asubuhi limezidi kuwa adimu."

Akatazama kochi. Mtoto alikuwa bado anapandisha mabega. Akatoa za mfukoni. Kipakiti hakikusogea. Akavua kiatu akatoa za kwenye soksi, alizowachuma watu wengine wiki nzima. Mwishowe akavua na koti. Hapo Bibi Viti akamkabidhi kipakiti chake, akawaambia vijana walitoe jiko na wampishe daktari. Bwana Uhakika akatoka na fulana, kiatu kimoja mkononi, mwenye mali ya maranda kiganja kimoja. Mlangoni aligeuka.

"Anaendeleaje?" akauliza.

"Maji," Kiroboto akasema ndani ya barakoa.

Mama yake akashusha pumzi ndefu, kisha akasimama naye mkononi. "Hata hivyo tunakwenda zahanati sasa hivi. Mbavu zikizama vile, haijalishi ametulia."

Bibi Viti hakubisha. Aliona huo ndio mwendelezo wa tiba, na siku hiyo alikuwa na hela.

Nesi aliyekuwa zamu alikuwa yule yule wa asubuhi. Alisikiliza kifua cha Kiroboto mbele na nyuma, akampa dawa nyingine, akawaambia wasiondoke mpaka amtazame tena.

"Mmewahi vizuri," akasema. "Nyumbani mmemfanyia nini?"

"Tena ujifunze," Bibi Viti akasema, akakaa sawasawa kwenye benchi. "Pampu kwanza, na inatikiswa. Maji ya chumvi puani. Mito. Vitu vya uvuguvugu. Jiko nje, ubani nje, sigara nje. Ametuelekeza bingwa mmoja. Wewe, mwanangu, ungekaa naye japo wiki moja ungefika mbali."

Nesi akamgeukia mama wa mtoto. Mama wa mtoto alikuwa ameshughulika sana na kifungo cha gauni la Kiroboto.

"Na bingwa huyo," nesi akauliza taratibu, "amekutoza kiasi gani?"

Bibi Viti akaupapasa mkoba wake uliovimba kwapani.

"Kunitoza?" akasema. "Amenilipa."