Kamati ya Kuthibitisha Mabonge ya Damu

Jamani, hospitali kuu ilitangaza, kwa spika mbili na tarumbeta moja, kuzaliwa kwa Kamati ya Kuthibitisha Mabonge ya Damu kwa Wagonjwa wa Saratani. Kuanzia siku hiyo, hakuna bonge litakalopewa dawa kabla halijatambuliwa rasmi.

Mwenyekiti, mzee wa suti ya kijivu, alijaa fahari. Ofisi akaiweka ghorofa ya tatu. Lifti? Hiyo ilikuwa inasubiri kibali. Sharti lenyewe jepesi kabisa: mgonjwa aje mwenyewe, na mguu wake.

Wa kwanza alikuwa mama mshonaji, mgonjwa wa saratani ya titi. Mguu wa kushoto umevimba, unang'aa kama umepakwa mafuta. Daktari alishamwambia bila kuficha: bonge likichomoka likakwama kwenye mapafu, mama, tunakuzika. Sindano ianze leo leo. Basi binti yake akapanda ngazi peke yake, barua ya daktari mkononi.

"Shikamoo mzee. Mama hawezi kupanda."

"Marahaba, binti yangu. Basi hajafika."

"Hajafika kwa sababu ya huo mguu!"

"Ndicho tunachotaka kuthibitisha. Apande, tuone kama hawezi."

"Na akipanda?"

"Akipanda si mzima huyo? Dawa ya nini tena?"

Wajumbe saba wakapiga makofi. Mwenyekiti mwenyewe alishangaa alivyo na akili.

Binti akashuka kwa hasira. Sista wa wodi alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua kabati la dharura, akamchoma mama chini ya ngozi ya tumbo.

"Hii inazuia bonge lisikue, mwili utalimaliza wenyewe polepole," akasema. "Utachomwa kila siku. Ukiona damu puani au kwenye fizi, niite mbio."

"Sista, na wale wa juu wakikuuliza?"

"Washuke ghorofa tatu kuniuliza mimi? Thubutu!"

Na kweli hawakushuka. Kwa miezi sita Kamati ilijadili rangi ya mafaili. Kila mgonjwa wa bonge aliandikwa "hajafika", na kila aliyeandikwa hivyo, sista alimchoma.

Siku moja mama mshonaji akapanda ngazi zote, akahema kidogo tu, akasimama mbele ya meza.

"Nimefika, baba."

Mwenyekiti aliruka kwa furaha. "Mmeona wenyewe? Mguu mzima! Ombi limekataliwa!" Akalitia kwenye ripoti ya mwaka, akaipeleka wizarani, akaanza kupiga pasi suti ya kupokelea nishani.

Akaja mkaguzi, dada mmoja mkavu asiyecheka.

"Mzee, mmeidhinisha dawa kwa wagonjwa wangapi?"

"Hata mmoja! Nidhamu ya chuma."

"Na waliopata nafuu?"

"Arobaini na mmoja, wote!"

"Kumbe wanapona bila nyinyi," akasema, akaandika mstari mmoja.

Jumatatu Kamati ikavunjwa. Mwenyekiti akakata rufaa kwa kurasa kumi na moja. Wizara ikajibu kwa heshima zote: malalamiko yoyote yanayohusu Kamati husikilizwa na Kamati.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata alikwenda, akaketi kwenye kiti chake, akagonga meza, akahesabu waliohudhuria.

Mmoja. Akidi haikutimia. Akaahirisha kikao.