Malalamiko Dhidi ya Dada wa Dirisha la Tatu, Kwa Kosa la Kuuliza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Udahili,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na ofisi yako imetulia. Sisi hatujambo, ila mtoto anaota meno, kwa hiyo ukikuta mwandiko umeruka mstari, ujue ni mkono wake, si dharau yangu.

Nimesoma tangazo lililobandikwa kwenye kioo cha dirisha la tatu. Linasema dada aliyekuwa akikaa pale amesimamishwa kazi kwa kuwapandishia alama waombaji waliosoma nje, kwamba kikao cha Ijumaa kitaamua kama afukuzwe, na kwamba akikutwa na hatia, wote aliowashughulikia watarudishiwa alama zao za mwanzo. Mwishoni linaomba mwenye malalamiko dhidi yake ayalete kwa maandishi. Mimi ni mmoja wa aliowashughulikia, na malalamiko ninayo. Nilisubiri mtoto alale, nikaona halali, basi nimempakata naandika hivyo hivyo.

1. Kwanza kabisa, aliuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwahi kuajiriwa kwenye ofisi yako. Nilipofika mara ya kwanza, dirisha la kwanza lilipokea cheti changu bila kukitazama, kama inavyopasa. Dirisha la pili likakigonga mhuri. Kompyuta ikasoma: Biolojia moja, Kemia moja, Hisabati mbili. Hapa kwenu tisa ndiyo ya juu, na moja ni ya mtu aliyeandika jina lake akalala. Nilikosoma mimi ni kinyume, moja ndiyo kilele na tisa ni shimo, lakini hayo yalikuwa mambo yangu na hamkuniingilia. Niliomba uuguzi, mkanipeleka darasa la watu wazima wasiojua kusoma. Nilikaa kule muhula mzima nikichora herufi a, na mwalimu akanisifu kwamba nashika haraka. Mheshimiwa, tangu nijifungue sijapata mahali pa kupumzika kama pale.

Siku moja nikapita dirisha la tatu kuulizia choo. Dada akaona cheti kimechungulia kwenye mfuko wa nepi, akakisoma, akaniuliza: mama, kwenu moja ni ya juu au ya chini? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikatokwa machozi mbele ya foleni nzima. Huo ni usumbufu kwa umma, na chanzo chake ni yeye.

2. Alitoka nyuma ya kioo. Nilipokuwa nikijaza fomu alikuja akampakata mtoto, akamwimbia. Sasa mtoto anaamini kila aliye nyuma ya kioo atatoka ampakate. Juzi alimnyooshea mikono mhudumu wa dirisha la kwanza, akatazamwa kama kifurushi kisicho na anwani. Matumaini haya nitamwachisha kwa dawa gani?

3. Aliiandikia shule yangu, na shule ikajibu. Mwalimu mkuu wangu, mzee wa watu, alisumbuliwa akafungue kabati, akajibu ukurasa mzima akieleza namba zao zinavyopanda na kushuka, hata mkaniandikia nianze uuguzi. Chini kabisa akauliza kama bado nacheka darasani. Sasa hilo linaihusu nini idara ya udahili?

4. Hili ni la kifamilia na linaniuma zaidi. Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, alisoma shule ile ile. Hisabati tisa, Fizikia tisa, Kemia nane. Kwetu alama hizo hazitiwi kwenye fremu. Mzazi huitwa shuleni, naye hupita njia ya nyuma. Ninyi mlimpokea kwa mikono miwili. Mkampeleka uhandisi wa madaraja, mkampiga picha, mkaitundika ukumbini. Mama mkwe alipotumiwa picha hiyo aliupigia simu ukoo mzima. Mimi aliniambia kwa upole tu: mwanangu, si kila mtu kapewa kichwa, wewe lea. Nyumba ikatulia. Kila mtu akajua mahali pake, shemeji kwenye kiti chenye mto, mimi kwenye beseni la nguo. Halafu anatokea dada mmoja na kikalamu chake, anasoma alama zangu inavyotakiwa, na sasa mama mkwe ameanza kuulizauliza kuhusu za mwanawe. Anasema, kama moja ya huyu imekuwa tisa, tisa ya yule imekuwa ngapi? Mama wa watu hakusoma Hisabati, lakini si mjinga. Hivi ni kazi ya udahili kugombanisha ukoo?

5. Mwisho, fikiria jambo hili linatupeleka wapi. Anayefagia ngazi za jengo letu alikuwa mwalimu wa Kemia wa sekondari. Anafagia vizuri, hata kwenye kona huoni vumbi. Jirani wa chini alikuwa mkunga, na siku hizi tunakunja naye mashuka ya hoteli. Ncha za mashuka yake hukutana sawasawa kuliko za mtu yeyote. Ukianza kuruhusu watu kama hawa waulizwe walisoma nini, watajibu. Wakishajibu, wataondoka. Ngazi atafagia nani, Mheshimiwa? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nilidhani mwenyeji anapona kwa kutibiwa. Kumbe anapona kwa kufagiliwa.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo:

a) Dada huyo afukuzwe, na kiti chake kiachwe wazi. Kiti kitupu hakijawahi kumuuliza mtu swali.

b) Nirudishwe kwenye herufi a, na nafasi yangu ya uuguzi apewe mwenye tisa za kwetu. Siku akija kukuchoma sindano, wewe tulia tu.

c) Shemeji ahitimu haraka, ajenge daraja, na daraja lenyewe liwe lile unalopita kwenda kazini. Mimi nitazunguka, nina mtoto.

Nisalimie dirisha la kwanza na la pili, mlinzi wa mlangoni anayemwita mwanangu "mkubwa", mzee wa mashine ya kutoa nakala, na kila mama aliye kwenye foleni hivi sasa na mtoto mgongoni. Huyo mwambie aegemee ukuta, zamu yake itafika.

Ni mimi nikuheshimuye kuliko unavyodhani,

Mama wa mtoto anayeota meno.

Nyongeza: Shemeji ameingia nikiwa natafuta gundi ya bahasha, akaomba asome. Alicheka mpaka alipofika kwenye daraja. Hapo akaketi sakafuni kando ya mtoto, akaniambia: shemeji, hilo usilifanyie mzaha, litaanguka kweli. Tangu muhula uanze haelewi kinachofundishwa isipokuwa jina lake likiitwa. Kumbe alishakwenda dirisha la tatu kwa siri, akamwomba dada amsome naye vizuri, ashushwe, apelekwe ufundi wa magari anaoupenda. Dada alikubali, akamwandalia karatasi zote. Shemeji ndiye aliyemwogopa mama yake, asirudi kutia sahihi.

Basi, Mheshimiwa, futa namba moja mpaka ya tano, pamoja na a, b na c. Anayewapandisha watu kwa hila hakubali kumshusha hata mmoja. Dada hakubadili alama ya mtu, alizisoma tu. Naomba arudishwe kwenye kiti chake, na mimi nianze uuguzi Jumatatu kama mlivyoniandikia. Shemeji atakuja Ijumaa kuyasema haya mbele ya kikao kwa mdomo wake, nami nitakaa karibu naye asije akabadili mawazo.

Ila tafadhali, kikao kisimpigie simu mama mkwe. Hilo tutamwambia wenyewe Jumamosi, taratibu, akiwa amekaa.