Daktari wa Magoti na Ngamia wa Haji Guleid

Kulow alimwona Haji Guleid akiswali juu ya kiti, na papo hapo akajua kwamba riziki yake ya mwaka huo wa 1965 imekwisha kushuka.

Waumini wote msikitini Garissa walikuwa wamesujudu. Haji peke yake alikuwa ameketi nyuma, mguu wa kulia umenyooka mbele kama mpini wa jembe. Lori lake lilikuwa limepinduka naye njia ya Bura, dereva akikimbia milio ya bunduki. Mfupa uliunga, lakini ulikuwa umefungwa vijiti miezi minne bila kusogezwa, na vijiti vilipofunguliwa goti lilikataa kukunjika. Mtu ana ngamia kutoka hapa hadi Hulugho, na hawezi kumsujudia Mola wake! Kulow alimhurumia sana. Aliwahurumia na ngamia pia, kwa kuwa na mwenyewe mmoja tu.

Kulow hakuwa daktari. Alizaliwa Nairobi, na huko alifagia miaka mitatu katika wodi ambamo mzungu mmoja alichunguza jinsi viungo vya mwili vinavyosogea, ili watu waliovunjika watembee tena. Kulow ndiye aliyemshikia kipimo: rula mbili za mbao zilizounganishwa kwa msumari, moja unailaza pajani, nyingine kwenye muundi, kisha unasoma pembe. Siku Kulow alipofukuzwa kazi, kipimo nacho kilifukuzwa.

Alimngoja Haji mlangoni.

"Assalamu alaikum, Haji. Goti hilo linakunjika digrii ngapi?"

"Digrii ni nini?"

Kulow akatikisa kichwa kwa majonzi. "Ndiyo maana haliponi. Unauguza kitu ambacho hujakipima."

Saa moja baadaye alikuwa nyumbani kwa Haji, akinywa chai ya maziwa ya ngamia.

"Kiungo ni kama bawaba ya mlango," alisema. "Mlango ukifungwa mwaka mzima, bawaba inashika kutu. Dawa yake ni kufungua na kufunga, pole pole, kila siku."

"Na mafuta?" akauliza Osob, mke wa Haji, mwanamke mwenye tabia mbaya ya kuuliza swali la pili.

"Mafuta pia, mama."

"Samli ninayo. Wewe una nini?"

"Mimi nina utafiti."

Neno hilo lilianguka chumbani kama gunia la sukari. Haji akainama kwa heshima. Wakapatana: siku Haji atakaposujudu, Kulow atapewa ngamia jike mweupe.

"Nitamchagulia mwenyewe," akasema Osob.

Mashine ilikuwa baiskeli kuukuu. Kulow aliitundika juu ya visiki viwili, gurudumu la nyuma likazunguka hewani bila kwenda popote, kama maneno yake. Mwanzoni Haji hakuweza kuzungusha pedali mzunguko mzima. Alikuwa akiisukuma mbele na kuirudisha nyuma, akiuma ncha ya kilemba. Nati ya kiti ilikuwa imelika, kwa hiyo kila siku kiti kilishuka kidogo, na kila kiliposhuka goti lililazimika kukunjika zaidi. Kulow hata hakuliona jambo hilo. Yeye alikuwa na kazi ya kutangaza tarakimu.

"Leo arobaini!" Kesho yake: "Hamsini, mashallah!"

"Jana ulikishika hicho kipimo juu chini," Osob akamwambia siku moja.

"Mama, utafiti una pande mbili."

Osob akaendelea kulikanda goti la mumewe kwa samli, na kila siku alilitazama vizuri kuliko mtafiti.

Wiki ya saba, Kulow akaingiwa na hofu. Alikuwa ametangaza namba hadi zikakaribia kumwishia, na Ijumaa ilikuwa inakuja, na watu msikitini wangeona nani anasujudu na nani anakaa kitini. Alhamisi msafara wa malori ungeondoka na askari wake wa ulinzi. Bila msafara, siku hizo za hali ya hatari, hakuna aliyetoka Garissa. Basi Jumatano akalaza kipimo gotini, akafumba jicho moja.

"Mia na thelathini! Haji, umepona. Nipeni ngamia wangu, wagonjwa wa Nairobi wananingoja."

"Lakini sijasujudu," Haji akasema.

"Kipimo kimekusujudia."

Haji akataka kubisha, Osob akamgusa bega. "Mpe, abowe, mume wangu. Mtu wa utafiti hangoji."

Kulow hakuwa mjinga wa kuchukua ngamia kwa mdomo. Alidai karatasi yenye dole gumba la Haji kwamba ngamia ni wake, mzima mzima, yeye na kila litakalomtokea. Mwongo anapenda sana maandishi.

Alhamisi asubuhi akamfikisha ngamia darajani, mbele ya malori yaliyokuwa yakinguruma. Bare, dereva na mchuuzi wa mifugo ambaye Kulow alitaka kumuuzia, akamzunguka yule mnyama mara moja.

"Mzuri. Haya, mpigishe magoti, kisha ainuke."

"Ya nini?"

"Warya, wewe! Hapa hata mtoto hanunui ngamia kabla hajaona hayo mawili."

Kulow akavuta kamba. Ngamia akapiga magoti vizuri, kwa adabu, katikati ya barabara. Kisha hakuinuka. Kulow akavuta, akasukuma, akamsihi kwa lugha tatu. Wiki saba alipima goti la mwenye ngamia, na siku hata moja hakutazama magoti ya ujira wake!

Honi zikalia. Afande wa msafara akaja, amekunja uso.

"Ngamia wa nani huyu?"

Kulow akatazama Mto Tana kana kwamba ndio kwanza auone.

"Karatasi aliyonionyesha iko mfukoni mwake, afande," akasema Bare.

Afande akaisoma. "Ng'oeni mnyama barabarani. Na huyu habanduki hapa mpaka mali yake isimame."

Askari wanane walipokuwa wakimburura ngamia kando, umati ukapasuka katikati. Haji Guleid alikuwa anakuja kwa miguu, bila fimbo, Osob nyuma yake na kopo la samli. Haji akafika, akachukua kipimo mkononi mwa Kulow, na ili akilaze vizuri kwenye goti la ngamia, akapiga magoti vumbini.

Ndipo alipotambua amefanya nini. Akageukia kibla, akashuka, paji la uso likagusa ardhi. Malori yote yakazima injini.

Kulow akabaki mdomo wazi. "Imefanya kazi," akanong'ona. "Wallahi, imefanya kazi!"

"Kwani nani alikwambia haitafanya?" Osob akamuuliza, akimkabidhi kopo. "Ngamia huyu kulala hakumshindi, daktari, ni kuamka tu, tangu mvua za mwaka juzi. Kama bawaba. Anza pole pole."

Msafara ukavuka daraja. Bare akatoa kichwa dirishani.

"Daktari! Baiskeli ya ngamia utaitoa wapi?"