Spika Iliyolia Katikati ya Maombi

Leo nimejianika mbele ya ukoo mzima. Sikulewa. Sikuanguka. Nilisikia sauti tu.

Mnaonijua huko Kitale mnajua ugonjwa wangu ni spika. Masanduku yake natengeneza mwenyewe, kwa raha tu. Hili la sasa nililifunga kabisa: hakuna tundu, hakuna ufa, gundi na silikoni kila kona, ndiyo besi itoke imekaza. Jana jioni nikakaza skrubu ya mwisho.

Mbao ni za mvule, za kabati la marehemu nyanya yangu, Kukhu, huku Myanga. Hapa niseme ukweli. Mwaka juzi Senge, shangazi yangu anayekaa kwa boma la Kukhu, alienda soko Sirisia. Nyuma yake nikapakia kabati kwa pikapu, nikaenda zangu. (Lilikuwa halina mlango mmoja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijitetea.)

Leo tulikuwa na maombi ya kumkumbuka Kukhu, na Senge aliomba nilete spika ya mhubiri. Nikaleta hiyo hiyo. (Najua. Msiniulize.)

Nikateremka na pikapu mpaka Myanga. Kushusha sanduku, nikaona kitu sijawahi kuona. Ile karatasi nyeusi ya spika, inayotoa sauti, ilikuwa imezama ndani, kama shavu la mtu anayefyonza. Nikaivuta kwa vidole. Ikarudi ndani polepole. Waya haikuwa imeunganishwa popote.

 Nikaliweka sebuleni, waya bado sijaunga, pale pale kabati lilipokuwa likisimama zamani, kwa sababu ndiyo nafasi pekee iliyokuwa wazi.

Mvua ilikuwa inakuja na nyumba imeingia giza. Mhubiri akasema tufumbe macho. Alipotaja jina la Kukhu, mbao zikalia kwaa. Halafu ikaanza sauti nyembamba, ndefu, kama mama mzee anayelia akiwa amefunga mdomo. Mhubiri akanyamaza. Sauti ikaendelea.

Senge akauliza polepole, "Nani analia?"

 Wote walikuwa wanaangalia sanduku langu.

Magoti yangu yalipiga sakafu kabla sijaamua. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kukhu, nisamehe. Kabati ni mimi nilichukua. Nimelikatakata. Nitarudisha mbao."

Binamu yangu Nekesa, mwalimu wa fizikia, akainuka. Akapapasa kona ya sanduku, akaweka kidole. Kilio kikakatika. Akatoa kidole, kikarudi. Akachukua bisibisi yangu, akalegeza skrubu moja. Sanduku likavuta pumzi ndefu, karatasi ikarudi mahali pake, kimya.

"Ni hewa," akasema. "Ulifungia hewa ya Kitale juu huko. Huku chini hewa ni nzito, inasukuma kuingia. Imepata katundu hapa kwa silikoni."

Mimi bado nilikuwa nimepiga magoti.

Senge hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mlangoni, alipokaa jirani yetu mzee Wafula peke yake. Hapo ndipo Nekesa aliponinong'oneza kwamba miaka hii miwili Senge hajamsalimia huyo mzee, akiamini kabati aliiba yeye. Hata maji ya kisima alikuwa amemkataza. Mzee alikuja leo kwa heshima ya Kukhu tu.

Senge akavuka sebule, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kitu kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini. Mzee akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akapangusa macho. Mimi hapo nilitamani kuingia ndani ya lile sanduku na kufungiwa.

Kisha mzee akanigeukia, akaniuliza bila kucheka, "Kijana, hiyo sanduku inaweza kulia tena kidogo? Mimi pia nilipoteza kuku."

Watu walicheka mpaka mhubiri akaketi.

Nimetumwa nikatafute fundi wa kabati kabla ya Jumapili. Ukitaka kucheka, chekea kwako. Huku Myanga nafasi imejaa.