Jinsi Amoit wa Amukura Alivyoteka Tope la Moto Kutoka Mrija wa Okiror

Njooni, enyi watu wa Amukura na Bukhayo, enyi wauza samaki wa Funyula, nanyi madereva mnaozeeka mkingoja mihuri forodhani Malaba! Tueni mizigo, pangusani watoto pua, mnisikilize. Wengine huwasifu wafalme waliovunja ngome. Mimi namsifu Amoit, mjane, Mpuliza-Moto, Mwenye Birika, aliyekwenda vitani katika mwaka wa sabini na nne wa umri wake, akiwa na leso moja na patipati zisizofanana, akarudi na tope kiasi cha punje ya hindi. Nawe moshi wa jikoni, uliyenitoa machozi miaka sitini, nisaidie nisidanganye sana.

Haya. Amoit alikuwa na mwana, Ojakol, mtu mzima wa miaka thelathini, msomi wa miwani, asiyeweza kumkamata hata kuku aliyefungwa kamba. Huyu alitoka Bonde la Ufa, kwenye chemchemi ambako maji yanatokota yenyewe bila kuni, akachota humo tope la kijani, akalitia katika thamosi nyekundu pamoja na maji yake ya moto. Nyusi zake zote mbili zilibaki huko. Ndani ya tope, alituapia, waliishi vijidudu vidogo kuliko vumbi, vinavyotoa kimeng'enya cha kuvunja wanga ukawa sukari.

"Kama kimea cha wimbi," akasema Amoit, ambaye amepika ajono, pombe yetu ya wimbi, tangu hajaota magego.

"Kama kimea, mama. Lakini kimea chako ukikitia kwenye uji unaochemka kinakufa. Hiki changu hakifi. Viwanda vinakitafuta kama dhahabu."

Kesho yake alitakiwa maabara fulani Kampala, na mkubwa wa huko alikuwa amemwambia wazi: ukileta vijidudu vilivyo hai, kazi ni yako, ukileta vilivyokufa, rudi kwenu ukalime. Yahya, dereva aliyempa lifti, alizuiwa Malaba kwa sababu ya karatasi za lori, ndipo Ojakol akaja kulala kwa mama yake. Akaiweka thamosi mezani, akaenda kuoga.

Loo! Heri angekaa na jasho lake.

Kwani siku hiyo kulikuwa na chungu cha ajono. Wazee walikuwa wamekizunguka ndani ya nyumba ya Amoit, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni, kama jeshi la mikuki lililoamua kuvinywa vita badala ya kuvipigana. Na ajono, kwa asiyejua, hainywewi hivi hivi: kila ikipungua sharti iongezwe maji moto, na aliye karibu na maji moto humimina, haulizi maswali. Mzee Okiror, shemeji yake Amoit, Kifua-cha-Ngoma, akanguruma, "Maji moto!" Basi mkono fulani wa mwanamke, ambaye wanahistoria hawajakubaliana juu ya jina lake, ukaitwaa thamosi nyekundu na kuimimina yote.

Ojakol akarudi na taulo shingoni, akaiona thamosi iko wazi. Akaitikisa. Kimya. Mlio alioutoa uliwaamsha mbuzi.

"Nani amemimina?"

"Si Jerusha huyo," akasema Okiror, akaninyooshea kidole. Mzee mzima, kuchongea tu!

"Yalikuwa maji moto," nikasema. "Tena chupa nimeisuuza." Kwa maana mimi si mchafu.

"Mimi nilisikia harufu ya mayai," akaongeza mzee Ojiambo, mgeni kutoka Funyula, "lakini hayajaharibu kitu." Akavuta tena.

Ojakol akaketi sakafuni. "Miaka miwili, mama. Miaka miwili navitafuta, na wazee wanavinywa."

Hapo ndipo Amoit alipoinuka, akafunga leso kiunoni, akakitazama chungu kama jemadari atazamavyo boma la adui. Tope ni zito, akawaza, limezama. Na mrija unaofika chini kuliko yote ni wa Okiror. Na Okiror, tazama, alikuwa akivuta hata mashavu yakakutana ndani, wala hakipandi kitu!

"Shemeji, mrija wako umeziba. Utoe."

Sasa, wapenzi, katika boma lile mrija wa mzee haukuguswa na mwanamke, wala haukutoka chunguni kabla ajono haijaisha. Okiror akaukumbatia. "Amoit! Mrija huu aliunyonya baba yangu, akaunyonya na babu yangu! Niuchomoe mbele ya mgeni, kwa ajili ya matope? Afadhali nife ukiwa umeziba!"

"Kufa basi. Lakini utakufa na kiu." Akaliepua birika mafigani, akaliweka nyuma yake, akasimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. "Birika langu, kuni zangu, maji nimeyateka kwa kichwa changu. Haliongezwi tone mpaka mrija ule utoke!"

Ndivyo ulivyoanza ule mzingiro mkuu. Ajono ikashuka. Ikapoa. Mirija ikaanza kukoroma chini ya chungu kama wagonjwa wa kifua. Wa kwanza kuvunjika moyo alikuwa Ojiambo.

"Okiror, ndugu yangu, nimetembea kutoka Funyula. Sikuja kunyonya makapi."

"Nyamaza, Msamia wa Funyula."

"Nitanyamaza vipi na koo limekauka?"

Ilipotimia robo saa, Okiror akajivuta, akakohoa. "Hautaguswa na mwanamke," akatangaza. "Nitautoa mimi, kwa mkono wangu wa kulia, kwa hiari yangu, maana nimechoka kuushika." Akauchomoa. Na kumbe! Katika kile kichujio cha kusuka kilichoko mwishoni lilikuwa limenasa tope la kijani, kiasi cha punje moja ya hindi. Wazee wakashangilia kwa nguvu, maana birika lilikuwa linarudi.

Ojakol hakushangilia. "Limeshachanganyika na chachu ya ajono. Chachu itavimaliza."

"Mwanangu," akasema Amoit, "chachu ya ajono inaweza kuoga maji ya kunyonyolea kuku?"

"Haiwezi. Itakufa."

"Na vijidudu vyako?"

Ojakol akavua miwani. "Hayo," akasema polepole, "ndiyo maji ya kwao."

Basi Amoit akasonga uji wa muhogo mtupu, mzito hata kijiko kikasimama wima. Nusu akaitia thamosini, moto vile vile, pamoja na lile tope. Nusu akaifunika katika chungu kidogo ndani ya majivu ya moto, bila tope. Kama vijidudu vimekufa, wanga hautavunjwa, nyuji zote mbili zitabaki nzito, na Ojakol atashika jembe.

Alfajiri honi ya Yahya ikalia barabarani. "Boss, twende! Karatasi zimetoka!"

Okiror alikuwa ameshafika, akidai anatafuta mbuzi. Amoit akakipindua kile chungu kidogo juu chini: uji ukang'ang'ania kama gundi. Ojakol akafumba macho. Amoit akaiinamisha thamosi.

Chururu! Uji ukatiririka mwembamba kama mvua kutoka kwenye bati. Ojakol akachovya kidole, akaonja.

"Mtamu! Viko hai, mama! Viko hai!" Akamkumbatia mama yake, akamkumbatia Okiror, akanikumbatia na mimi, kisha akakumbuka, akaniachia.

"Mbele ya lori hili na mashahidi hawa," akaanza Okiror, "ijulikane kwamba pasipo mrija wangu..."

"Mzee, injini inakula mafuta!" akapiga kelele Yahya.

Basi andikeni, nyinyi mnaoandika vita na wafalme: Amukura, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke alipika uji ukawa maji, na boma zima likampigia vigelegele.